Hisabati itoke ubaoni, watoto wakapime kivuli

Ingia shule yoyote ya msingi nchini, ya mjini au ya kijijini, utakuta mlingoti wa bendera. Watoto hujipanga mbele yake kila asubuhi na kuimba wimbo wa Taifa wakiutazama, kuanzia darasa la awali mpaka wanapohitimu. Sasa mwite mmoja wao wa darasa la sita, anayefanya vizuri, umuulize: mlingoti ule una urefu gani? Atafikiri kidogo, kisha atataja namba. Namba hiyo haitakuwa imetoka kwenye Hisabati aliyofundishwa. Atakuwa ameotea, sawasawa na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga shule.

Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mtoto huyo ameshafundishwa uwiano. Anajua kuzidisha na kugawanya desimali. Anaweza kuchora pembetatu daftarini kwa rula na kuandika vipimo vya pande zake. Ana kila anachohitaji ili apate jibu. Kilichokosekana ni mtu wa kumtoa darasani, kumkabidhi fimbo ya mita moja na kumwonyesha kivuli cha mlingoti kilicholala mchangani.

Hoja yangu ni moja. Mtoto wa Tanzania asimalize elimu ya msingi kabla hajapima, kwa mikono yake mwenyewe, kitu kirefu asichoweza kukipanda. Akipime kwa kivuli, fimbo na hesabu ya uwiano, na kazi hiyo ihesabiwe katika alama zake. Nimefundisha Hisabati katika shule za msingi za mkoa wa Pwani hadi nilipostaafu, miaka ya mwisho nikiwa Bagamoyo, na sijaona somo lenye gharama ndogo kuliko hilo lililowafungua watoto wengi kiasi hicho kwa mara moja.

Nieleze linavyofanyika, maana wapo wanaodhani ni jambo la wataalamu wa ramani.

Unachagua asubuhi yenye jua, saa tatu au saa nne, wakati vivuli bado ni virefu kiasi na kingo zake zinaonekana. Unagawa darasa katika makundi. Kila kundi linapewa fimbo iliyokatwa mita moja kamili, kamba, rula na timazi. Timazi hiyo ni uzi uliofungwa jiwe dogo, aina ileile anayotumia fundi mwashi kunyooshea ukuta, na mtoto anaitengeneza mwenyewe. Fimbo inachomekwa ardhini karibu na mlingoti. Mmoja ananing'iniza timazi pembeni yake kuhakikisha imesimama wima, kwanza kwa kuitazama kutoka mbele, halafu kutoka ubavuni. Kisha mmoja anapima kivuli cha fimbo na mwingine, wakati uleule, anapima kivuli cha mlingoti.

Tuseme fimbo ya sentimita 100 imetoa kivuli cha sentimita 80, na kivuli cha mlingoti ni mita 4.8. Hapo swali linajitokeza lenyewe: ikiwa kivuli cha sentimita 80 kinatoka kwenye mita moja, mita 4.8 zinatoka kwenye nini? Mtoto anagawa 4.8 kwa 0.8 na kupata 6. Mlingoti ni mita sita. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeazima ngazi, wala hakuna aliyehitaji kulitazama jua, maana kazi yote inafanyika ukiwa umelipa mgongo.

Baada ya hapo ndipo somo lenyewe linapoanza, kwa sababu mtoto mwerevu atauliza kwa nini hesabu ile inakubali. Unamwonyesha pembetatu mbili. Ya kwanza ina fimbo, kivuli chake, na mstari wa mwanga unaopita kwenye ncha ya fimbo hadi kwenye ncha ya kivuli. Ya pili ina mlingoti, kivuli chake, na mstari wa mwanga wa namna hiyohiyo. Jua liko mbali mno, takriban kilomita milioni 150, kiasi kwamba miale yake inapofika kwenye uwanja wa shule inakwenda sambamba. Kwa hiyo pembe za pembetatu ndogo ni sawa na pembe za ile kubwa. Pembe zikiwa sawa, pande zinakwenda kwa uwiano mmoja. Mtoto aliyekuwa akikariri kanuni ya maumbo yanayofanana sasa anazunguka ndani ya umbo lenyewe na kulipima kwa hatua zake.

Makundi yatarudi na majibu yanayotofautiana. Moja litasema 5.9, jingine 6.0, jingine 6.2. Mwalimu asiogope tofauti hizo, kwa sababu ndizo zenye utajiri. Darasani tumewazoesha watoto kwamba jibu ni moja, liko nyuma ya kitabu, na anayelikosa amekosa. Uwanjani wanajifunza kwamba kipimo kina mpaka wa usahihi wake, kwamba wastani una kazi, na kwamba anayesema “mita 6, ikizidi au ikipungua sentimita 20” anajua mengi kuliko anayesema “6” na kunyamaza.

Halafu unawauliza tofauti zimetoka wapi, na hapo watoto wanageuka wachunguzi. Kundi moja litagundua kwamba fimbo yao ililala kidogo. Jingine lilipima kivuli cha fimbo, likaenda kutafuta kamba, likarudi kupima kivuli cha mlingoti baada ya dakika kadhaa. Jua halisubiri. Linapokuwa katikati ya upeo wa macho na utosi, dakika 5 tu zinabadilisha kivuli cha mti wa mita 20 kwa karibu sentimita 90. Ndiyo maana vivuli viwili lazima vipimwe kwa pamoja, mmoja akipaza sauti “sasa!” na wote wakiweka alama.

Kuna pia jambo la ukingo wa kivuli. Msogeze mtoto hadi kwenye ncha ya kivuli cha kitu kirefu, mwambie aweke kigingi pale kivuli kinapoishia. Atasita. Kivuli cha fimbo kina ncha kali, lakini cha mnara kinaisha taratibu, kutoka weusi kwenda kijivu hadi mwanga kamili. Sababu ni kwamba jua si nukta. Tukilitazama kutoka duniani lina upana wa kama nusu digrii, kwa hiyo sehemu ya ardhi inaona nusu ya jua huku nusu nyingine imezibwa. Kwa mnara wa mita 20, jua likiwa katikati ya upeo wa macho na utosi, ukanda huo wa kijivu unakaribia sentimita 40. Dawa yake ni kuweka kigingi katikati ya ukanda, na kufanya vivyo hivyo kwenye kivuli cha fimbo. Nimewahi kuona watoto wawili wakibishana kwa dhati kuhusu mahali kivuli kinapoishia, wamepiga magoti mchangani, vidole vimegusa ardhi. Sijawahi kuona watoto wakibishana hivyo kuhusu swali la ubaoni.

Sisi wa pwani tuna minazi, na mnazi ni mwalimu mkali. Mara nyingi hausimami wima. Ukipima kivuli kuanzia shinani, utapata kimo cha uongo, kwa sababu kilele hakiko juu ya shina. Inabidi kwanza utafute ile nukta ya ardhini iliyo chini kabisa ya kilele. Watoto wawili wanasimama pande mbili zinazokutana kwa pembemraba, kila mmoja na timazi yake, wanamwelekeza mwenzao mpaka anasimama mahali ambapo nyuzi zote mbili zinakikata kilele. Kivuli kinapimwa kuanzia hapo.

Hatua hiyo haikwepeki pia katika kazi inayosimuliwa ya Thales wa Mileto kule Misri, katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Waandishi wa kale waliokuja karne nyingi baadaye wanasimulia kwamba aliyapima mapiramidi kwa vivuli. Diogenes Laertius anaeleza kwamba alisubiri wakati ambapo kivuli cha mtu kinalingana na kimo chake. Plutarch anasema alisimamisha fimbo mwishoni mwa kivuli cha piramidi akalinganisha pembetatu mbili. Watu husimulia kisa hicho kwa wepesi, lakini piramidi lina shida ileile ya mnazi. Kilele chake hakiko juu ya ukingo, kiko juu ya kitovu cha kitako. Piramidi Kuu la Giza lilikuwa na kimo cha takriban mita 146.6 lilipojengwa, na kila ubavu wa kitako chake una takriban mita 230. Jua likiwa limesimama moja kwa moja upande wa kusini, katika ule wakati wa kivuli sawa na kimo, sehemu ya kivuli inayochomoza nje ya ukingo wa kaskazini ni kama mita 31 tu. Zile 115 nyingine zimejificha ndani ya jengo, na asiyezijumlisha atatangaza kwamba kimo cha piramidi ni mita 31. Mtoto aliyepima mnazi wa kuinama ataielewa hesabu hii mara moja.

Tena hatuna haja ya kwenda Misri kutafuta urithi wa kivuli. Upo kwetu, na unatumika kila siku. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, wakati wa Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na kimo chake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa. Mtoto wa madrasa anaifahamu kanuni hii kabla hajafika darasa la nne. Na huku kwetu Bagamoyo na Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini na kivuli cha mchana hutoweka. Siku hizo hakuna cha kuongeza. Alasiri inaingia katika dakika ileile aliyoisubiri Thales, saa tisa na kama dakika kumi mwezi Oktoba, na kama saa tisa na nusu na ushei mwezi Machi. Ukitoka nje adhana inapoingia, kivuli cha mnara wa msikiti ni kimo cha mnara huo. Jumlisha tu nusu ya upana wa kitako chake, umemaliza.

Wanazuoni wa ulimwengu wa Kiislamu hawakuishia kwenye fimbo. Tangu karne ya 9 walitengeneza majedwali ya vivuli, na al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, aliandika kitabu kizima juu ya vivuli na matumizi yake. Majedwali hayo ndiyo tunayoyaita leo tanjenti na kotanjenti. Mwanafunzi wetu anakutana na tanjenti akiwa kidato cha pili, ndani ya kijitabu cha majedwali ya namba, kwa Kiingereza, bila kuambiwa kwamba ni kimo kugawanywa kwa kivuli. Mtoto aliyekwisha kulifanya jambo hilo uwanjani akiwa darasa la sita, kwa Kiswahili, atafika kidato cha pili akiwa na mahali pa kulipachika. Asiyefanya hivyo anakariri. Na kila mwaka matokeo yanapotoka tunaiona Hisabati ikiburuta mkia kati ya masomo ya kidato cha nne, tunasikitika, kisha tunaendelea na ubao uleule.

Tuna bahati ambayo hatuitumii. Hapa Tanzania jua hupanda kupita digrii 45 kila siku ya mwaka, asubuhi likipanda na alasiri likishuka. Hata mwezi Juni, linapokuwa limesogea kaskazini kabisa, bado linavuka hapo. London hawana bahati hiyo. Kuanzia mwanzoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Aprili jua lao halifiki digrii 45 hata saa sita mchana, kwa hiyo mwalimu anayetaka kuwaonyesha watoto ule wakati wa kivuli sawa na kimo inabidi asubiri miezi. Sisi tunao mara mbili kila siku. Nchi yenye jua kiasi hiki, yenye viwanja vya shule vya mchanga vinavyopokea alama ya kidole, haina sababu ya kufundisha uwiano kwa kuchora chaki peke yake.

Kipimo hiki kina faida nje ya darasa pia. Shule moja niliyofundisha ilikuwa na mvinje mkubwa nyuma ya madarasa. Upepo wa kusi ulipoanza kuutikisa, kamati ya shule ilikaa. Mjumbe mmoja alisema ukianguka utaishia uwanjani. Mwingine akasema utafika kwenye paa la darasa la nne. Maneno yakawa mengi, kila mmoja akiutazama mti na kunyoosha mkono. Nikamwomba mwenyekiti aniruhusu nilete watoto wa darasa la saba.

Walikuja na fimbo yao. Ilikuwa saa tatu asubuhi, kivuli cha fimbo kilikuwa sentimita 125. Kivuli cha mvinje kilivuka uwanja na kukatika kwenye ukuta wa jikoni, kikapanda juu yake. Hapo nilinyamaza niwaone watafanya nini. Binti mmoja akasema, “Mwalimu, ukuta unakula kivuli. Tusubiri kitoke.” Wakasubiri mpaka ncha ikasogea pembeni ya jiko na kulala chini yote, wakapima upya vivuli viwili kwa pamoja. Kivuli cha fimbo sasa kilikuwa sentimita 120, cha mti mita 26.4. Wakagawa: mita 22. Kisha wakapima kutoka shinani hadi kwenye ukuta wa darasa la nne: mita 17.

Kamati nzima ilikuwa imesimama pale. Hapakuwa na ubishi tena. Mzee mkata miti, aliyekuwa ameitwa na shoka lake na msumeno, aliniambia, “Basi, Mwalimu, huu siukati chini. Naanza na kichwa.” Akapanda na kamba, akaupunguza kipande kwa kipande, kila kipande kikishushwa taratibu, mpaka kilichobaki kikawa kifupi kuliko umbali wa ukuta. Ndipo akaangusha shina. Watoto wale waliona namba yao ikibadilisha uamuzi wa watu wazima. Hakuna mtihani unaompa mtoto heshima ya namna hiyo.

Ukubwa wa jambo hili ni kwamba linampa raia wa kawaida uwezo wa kuhakiki. Chukua mnara wa tangi la maji kijijini. Kimo cha tangi ndicho kinachosukuma maji mabombani. Kila mita 10 za kimo hutoa shinikizo la takriban baa moja, na likijengwa fupi kuliko ilivyopangwa, nyumba za mwisho wa bomba zitaona matone. Mkataba utasema mnara una mita kadhaa, kamati ya maji itapokea mradi, hotuba zitasomwa, na ni wachache watakaojua kama mita hizo zipo. Kijana aliyefundishwa kivuli anaweza kwenda pale asubuhi na fimbo yake, akarudi na namba kabla chai haijapoa. Akiona pengo la mita moja na nusu, hiyo ni hoja halali ya kumpelekea mwenyekiti wa kijiji, na fundi ataombwa aje na futi yake ahakikishe. Vivyo hivyo mti unaoinamia nyumba, nguzo inayotaka kusimikwa karibu na barabara, ukuta wa jirani unaopanda kila wiki. Mwananchi anayejua kupima hamtegemei mtu mwingine amwambie kitu kina ukubwa gani.

Najua yatakayosemwa dhidi ya pendekezo hili, na nitayajibu.

Watasema muda hautoshi, mihtasari ya masomo ni mirefu. Lakini kazi hii haiongezi mada. Uwiano umo, pembetatu zimo, desimali na wastani vimo. Vipindi viwili vinavyofuatana vinatosha, na vitaokoa vipindi vingi vya kurudia kanuni ambazo watoto hawakuzielewa.

Watasema madarasa yana watoto wengi mno. Nimefundisha madarasa hayo. Uwanja ndio mahali pekee penye nafasi ya wote. Kundi moja lipime mlingoti, jingine mwembe, jingine mnazi, jingine pembe ya paa, jingine goli la mpira. Goli lina faida yake: kimo chake mnaweza kukipima pia kwa futi, kwa hiyo watoto wanaona kama kivuli kimesema kweli.

Watasema mvua na mawingu. Euclid, katika kitabu chake juu ya kuona, alieleza njia ya siku yenye jua na njia ya siku isiyo na jua. Siku ya mawingu unaweka kioo cha mfukoni ardhini, au beseni la maji yaliyotulia, unarudi nyuma mpaka uone kilele cha mti ndani yake. Kimo cha macho yako kwa umbali wako hadi kwenye kioo ni sawa na kimo cha mti kwa umbali wake hadi kwenye kioo. Au kunja karatasi ya mraba mara moja kwa mshazari, upate pembe ya digrii 45. Shika upande mmoja sambamba na ardhi, chungulia kando ya upande mrefu, tembea mpaka kilele kikae kwenye mstari wa upande huo. Umbali wako hadi kwenye mti, ukijumlisha kimo cha macho yako, ndicho kimo cha mti. Karatasi ya daftari inatosha.

Na watasema simu siku hizi zina programu za kupima, na wapimaji wana vifaa vya leza. Ni kweli, navyo ni vyombo vizuri, wala sina ugomvi navyo. Ila chombo kinatoa namba, hakitoi sababu yake. Wataalamu wanaokadiria vimo vya majengo kutoka kwenye picha za setilaiti hutumia urefu wa vivuli na pembe ya jua, hesabu ileile ya uwanja wa shule. Anayeelewa pembetatu anajua lini simu imekosea. Asiyeielewa ataamini chochote kitakachoandikwa kwenye kioo chake.

Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 unasisitiza ujuzi na utendaji. Huo ni mlango uliokwisha kufunguliwa, na naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania ilipitishe somo hili hapo. Kitabu cha Hisabati cha darasa la sita kiwe na ukurasa unaoanza na maneno “Tokeni nje”, wenye maelekezo ya fimbo, timazi na kivuli, na nafasi ya mtoto kuandika alichopima shuleni kwake. Mazoezi ya mti uliochorwa yabaki, lakini yaje baadaye.

Kwa sekondari, Baraza la Mitihani liruhusu kazi ya upimaji wa uwanjani iingie katika alama za maendeleo. Mwanafunzi aandike ripoti fupi: alipima nini, saa ngapi, makundi mengine yalipata nini, kosa linaweza kuwa kiasi gani. Mwalimu anaweza kuikagua kwa kwenda kupima mwenyewe.

Na kwa shule zenye hamu ya zaidi, napendekeza zishirikiane mkoa kwa mkoa. Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliukadiria mzingo wa dunia kwa kulinganisha jua la mchana la Siene, ambayo leo ni Aswan, na lile la Alexandria. Tofauti ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara, naye akazidisha umbali wa miji hiyo mara hamsini. Arusha na Iringa zimekaa karibu kabisa kaskazini kwa kusini. Kati yake kuna takriban kilomita 490 kwa mstari wa kwenda kusini, sawa na digrii 4.4. Shule moja kila mji, siku moja ya Juni, zipime kivuli kifupi kuliko vyote cha mchana, zitafute pembe ya jua, zitoe tofauti. Gawa 360 kwa tofauti hiyo, zidisha kwa 490, na mzingo wa dunia utakuja karibu na kilomita 40,000. Watoto wa mikoa miwili watakuwa wameipima dunia kwa fimbo na ujumbe wa simu.

Walimu wenzangu mlio kazini, hamhitaji waraka wa kuanzia. Fimbo mnazo. Waombeni mafundi wa mtaani waje na timazi zao waonyeshe watoto zinavyotumika. Wengi watakuja kwa furaha, maana ni mara chache shule inawaita kufundisha. Nanyi maafisa elimu kata, mkikagua somo la Hisabati, kagueni pia kama watoto wametoka nje muhula huu.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani akiomba futi na kipande cha kamba ili apime mwembe wa uani, mpeni, kisha mwambieni awaeleze alivyoipata namba yake hatua kwa hatua. Na mtakapoitwa kwenye kikao cha shule, baada ya kujadili chakula na michango, mmoja wenu asimame aulize: ni lini darasa la sita litakwenda uwanjani kupima, na mwalimu wa Hisabati anahitaji nini ili liende? Swali hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na jibu lake lisomwe kikao kinachofuata.